Redio za dijitali: Tusije tukanunua bubu

Nyumbani kwetu Msambweni kuna redio ambayo marehemu babu aliinunua wakati alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 1988. Babu naye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Lakini redio ile ingali inasema. Kifuniko chake cha nyuma kilipotea zamani, antena imeungwa kwa waya wa shaba, na mawe yake hushikizwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili yasidondoke. Hata hivyo, mtu akiiwasha asubuhi husikia habari kama wazisikiavyo watu wa Nairobi.

Redio hiyo ilianza kazi enzi za Sauti ya Kenya. Shirika la utangazaji liliporejea jina lake la KBC mwaka wa 1989, haikuhitaji kubadilishwa hata msumari mmoja. Usiku, katika masafa mafupi, ilituletea taarab kutoka Unguja, safi kana kwamba waimbaji wamekaa barazani petu. Tena ilikuwa na mkanda mmoja ulioandikwa herufi mbili, FM, ambao sisi watoto hatukujua faida yake. Ukiufungua husikii ila mvumo kama wa bahari usiku. Miaka ikapita. Vituo vya FM vilipoanza kuchipuka huku Pwani, tukagundua kwamba kumbe redio ya babu ilikuwa ikivisubiri. Hakuna aliyetuambia twende dukani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunakaribia kuambiwa twende. Katika miaka hii ya 2020, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya imeweka hadharani mapendekezo ya kuleta nchini utangazaji wa redio wa dijitali, na viwango vinavyotajwa ni viwili, DAB+ na DRM. Sababu inayotolewa ni ya kweli. Mkanda wa FM, unaoanzia megahezi 87.5 na kuishia 108, umejaa katika miji mikubwa, na mwenye kuomba nafasi ya kituo kipya hana pa kuwekwa. Utangazaji wa dijitali ungepanua uwanja, na wala hakuna aliyesema kwamba FM itazimwa kesho. Sina ugomvi na hayo. Swali langu ni dogo, nami naliuliza kwa niaba ya walimu na wanafunzi wa Kwale: je, hizo redio tutakazotakiwa kununua zitasikia nini, na kwa muda gani?

Ili swali hili lieleweke, hapana budi tutazame kwanza jinsi sauti inavyosafiri. Katika utangazaji tuliouzoea, ambao wataalamu huuita wa analojia, sauti ya mtangazaji hupandishwa juu ya wimbi kama abiria anavyopanda jahazi. Katika masafa ya kati na masafa mafupi, sauti hubadilisha kimo cha wimbi. Katika FM, hubadilisha kasi ya mtetemo wake. Kazi ya redio ni kumteremsha abiria yule bandarini, basi. Haihitaji kujua lugha yake wala kabila lake. Ndiyo maana redio iliyotengenezwa nchi za mbali miaka hamsini iliyopita inaweza kutumika Lunga Lunga leo.

Siyo kwamba analojia haikuwa na vituko vyake. Kila dereva wa Ukunda anajua habari za magari kuukuu yatokayo Japani. Wajapani wana mkanda wao wa FM, unaoanzia megahezi 76, kwa hiyo redio ya gari jipya la mteja hufika hapa ikiwa haiwezi kushika sehemu kubwa ya vituo vyetu. Lakini dawa yake ni rahisi. Fundi huunganisha kidude kidogo kwenye waya wa antena, kidude hicho huteremsha masafa, na safari ya Likoni huendelea kwa muziki.

Katika dijitali hakuna kidude cha namna hiyo. Hapa sauti haipandi jahazini ikiwa nzima. Kwanza hupimwa mara nyingi mno, kwa kawaida mara 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Kisha tarakimu hizo hubanwa kwa kanuni maalumu ili zipungue wingi, zikaongezewa tarakimu nyingine za kulinda zisipotee njiani, halafu zikagawanywa juu ya mawimbi madogo mengi yanayokwenda sambamba. Redio inayopokea lazima ijue kila hatua ya safari hiyo na kuirudia kinyumenyume. Ikikosa kuijua hata hatua moja, haitoi sauti mbaya, bali haitoi sauti yoyote.

Mwalimu anaweza kuwafafanulia wanafunzi wake jambo hili kwa mfano ulio karibu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Lugha ni ile ile na maneno ni yale yale. Lakini mpe barua ya kale mtu aliyesoma herufi za Kilatini peke yake, atakurudishia kama alivyoipokea, japo Kiswahili ndiyo lugha ya mamaye. Mtoto wa Kidigo aliyepitia madrasa na shule ya msingi huzisoma zote mbili. Redio za dijitali ziko vivyo hivyo. Kuna zisomazo hati moja, kuna zisomazo mbili, na muuzaji si lazima akwambie.

Hati zenyewe ni nyingi. DAB ilizaliwa katika mradi wa nchi za Ulaya ulioanza mwaka wa 1987. Norwei ilianza kuitumia kutangaza Juni 1995, na BBC ikafuata Septemba mwaka huo huo. Lakini kanuni ya kubana sauti iliyotumiwa wakati ule ilichakaa upesi, na mwaka wa 2007 ikatolewa nyingine iliyo bora zaidi. Hiyo ndiyo DAB+. Alama ile ndogo ya kujumlisha ina gharama yake. Redio ya DAB+ huweza kusoma DAB ya zamani, ila redio ya DAB ya zamani haiwezi kusoma DAB+. Waingereza, waliokuwa wamekwisha kununua redio kwa mamilioni, walikwama katika ile ya kale kwa miaka mingi, na hata baadaye, kila kituo kilichohamia DAB+ kiliziacha nyuma redio kuukuu zikiwa kimya majumbani mwa watu. Hayo yaliwapata matajiri.

DRM ni ndugu wa baadaye. Ilibuniwa na muungano wa watangazaji na watengenezaji ulioundwa Guangzhou, Uchina, mwaka wa 1998, na matangazo yake rasmi yakaanza mwaka wa 2003. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kuyapa uhai mpya masafa ya kati na masafa mafupi, yale yaliyokuwa yakitufikisha Unguja usiku; baadaye ikatanuliwa hadi katika masafa ya juu, yakiwamo ya FM. Uhindi imeikumbatia kuliko nchi nyingine yoyote, na shirika la utangazaji la huko limejenga mitambo zaidi ya 30 ya masafa ya kati yenye uwezo huo. Hata hivyo redio za kuyasikia matangazo hayo zimeingia zaidi katika magari mapya kuliko katika nyumba za wakulima. Mtambo ulitangulia, na kipokezi kikabaki nyuma.

Labda msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. La. Kenya imekwisha kupita njia hii mara mbili, na mara ya kwanza waliohusika walikuwa walimu.

Mwaka wa 1990, mtu aliyezaliwa Ethiopia, Noah Samara, alianzisha kampuni iliyoitwa WorldSpace. Nia yake ilikuwa njema, na mpaka leo naiona kuwa mojawapo ya fikra kubwa zilizopata kufikiriwa kwa ajili ya bara hili: kurusha redio ya dijitali moja kwa moja kutoka angani mpaka kijijini, pasipo minara na pasipo kujali kwamba barabara imekatika. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake, AfriStar, ilirushwa kutoka Kourou, ikapachikwa juu ya ikweta katika longitudo ya digrii 21 mashariki, umbali wa karibu kilomita 36,000. Makampuni makubwa ya Japani, yakiwamo Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, yalitengeneza vipokezi vyake.

Kenya haikubaki nyuma. Katika miaka ya 2000, Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ambayo sasa ni Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliitumia setilaiti hiyo kupeleka vipindi vya masomo, na vipokezi vyake vikafikishwa katika shule nyingi za msingi. Wataalamu wa hali ya hewa nao hawakulala. Mradi uitwao RANET, uliokusudia kuwafikishia watu wa mashambani habari za mvua na upepo, ulitumia setilaiti hiyo hiyo kusambaza taarifa zake barani Afrika. Hapa Kwale jina la RANET halihitaji kuelezwa, kwa kuwa kituo cha redio cha Idara ya Hali ya Hewa kinalichukua mpaka leo.

Na vipokezi vile vilikuwa vizuri. Antena yake ilikuwa kibao kidogo bapa, si sahani kubwa kama ya runinga. Mtu wa Kwale alitakiwa kuielekeza karibu utosini, ikiinamia magharibi kidogo, mahali pasipo na mnazi wala paa katikati yake na mbingu. Sauti ikiingia, iliingia bila mkwaruzo. Mwalimu wa Kinango angeweza kusikia somo sawasawa na mwalimu wa Nairobi, jambo ambalo mitambo yetu ya nchi kavu haikuwa imeliweza.

Ila hati yake ilikuwa ya kampuni moja. Masafa yake yalikuwa kati ya megahezi 1467 na 1492, eneo ambalo DAB pia ilikuwa imetengewa nafasi, lakini vipokezi vya upande mmoja havikuelewa vya upande wa pili, mithili ya majirani wawili waliotenganishwa na ukuta. Hakukuwa na mtangazaji mwingine duniani aliyeandika hati ile. Kwa hiyo uhai wa kipokezi ulifungamana na uhai wa kampuni, na kampuni haikuwa na afya. Mwanzoni ilitegemea matangazo ya biashara, baadaye ikataka wasikilizaji walipe ada; wasikilizaji wenye uwezo wa kulipa hawakutosha. Oktoba 2008 iliomba kinga ya mahakama ya wafilisi huko Marekani. Haikupita miaka mingi, huduma yake ikanyamaza.

Nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, bila kumtafuta wa kulaumiwa, kwa sababu hakuna aliyeiba hapo na hakuna aliyedanganya. Vipokezi havikuharibika. Vilikuwa na redio nzima ndani yake, na vipaza sauti vizuri, na umeme ukiingia viliwaka taa. Setilaiti nayo ilikuwa bado juu. Kilichokufa ni makubaliano tu, na kipokezi cha dijitali bila makubaliano ni sanduku. Linganisha na redio ya babu: kiwanda kilichomlipa mshahara kimekufa, lakini hakuna kampuni duniani ambayo ikifa itakufa na FM.

Mara ya pili ilikuwa runinga. Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya runinga ya dijitali, kwa kiwango kilichoitwa DVB-T. Haukupita muda mrefu, ikaamuliwa kwamba nchi itumie DVB-T2, kizazi cha pili, kinachobeba vituo vingi zaidi katika nafasi ile ile. Kwa kitaalamu uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini ving'amuzi vya kizazi cha kwanza haviwezi kusoma cha pili, na watu waliokuwa wepesi wa kuitikia wito wa serikali ndio walioadhibiwa. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinunua king'amuzi katika duka moja la Ukunda. Alipokipeleka nyumbani hakikushika hata kituo kimoja. Aliporudi nacho, muuza duka alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Mzee, hiki si kibovu. Ni cha zamani." Kilikuwa bado kimevikwa nailoni yake.

Hatimaye, mitambo ya analojia ya runinga ilizimwa nchini kwa awamu mapema mwaka wa 2015, kabla ya tarehe ya mwisho ya kimataifa ya 17 Juni. Tanzania ilikuwa imetutangulia, kwa kuzima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Tunayakumbuka mabishano ya wenye vituo na serikali mpaka Mahakama ya Juu, na zile wiki za Februari 2015 ambapo vituo vikubwa vya Nairobi vilitoweka hewani. Wengi walidhani ule ni ugomvi wa matajiri. Kiini chake kilikuwa hiki: katika dijitali, nani ataushika mlingoti?

Swali hilo litarudi pamoja na redio, na nionavyo mimi ndilo lenye uzito zaidi kwa kaunti kama Kwale. DAB+ haikujengwa kwa kituo kimoja kimoja. Hukusanya vituo vingi, pengine kumi na vinane, katika furushi moja lenye upana wa megahezi moja na nusu, na furushi zima hurushwa na mtambo mmoja. Mjini jambo hilo ni akiba kubwa: badala ya milingoti kumi na minane, mmoja, badala ya bili kumi na nane za umeme, moja. Lakini lazima awepo mwenye furushi, na wengine wote wawe wapangaji wake. Kituo kidogo kinachowasemesha wavuvi na wakulima kwa Kidigo au Kiduruma, ambacho leo kina kibali chake na mtambo wake mdogo, kitaamka siku moja kikiwa na mwenye nyumba. Kodi ikipanda, kihame waende wapi? Tena Kwale haina vituo kumi na vinane vya kujaza furushi. Mwenye mali atasema kwamba faida iko Nairobi na Mombasa, na sisi tutaambiwa tungoje awamu ya nne.

DRM ina tabia nyingine. Kituo kimoja huweza kuwa na mtambo wake, katika nafasi nyembamba, na kubeba ndani yake idhaa mbili au tatu pamoja na maandishi. Katika masafa ya kati, mtambo mmoja huweza kuifunika Pwani nzima kwa umeme mdogo kuliko wa analojia. Kwa jiografia ya Kwale, yenye watu waliotawanyika kutoka Tiwi mpaka Vanga, na kutoka ufukweni mpaka nyuma ya Milima ya Shimba, naona DRM inatufaa kuliko DAB+. Najua watakuwapo wataalamu wa kunipinga, na hoja yao itakuwa nzito: vipokezi vya DRM ni adimu madukani na bei yake haimwelekei mtu wa kawaida, ilhali DAB+ ina soko kubwa la Ulaya linaloshusha bei. Hilo silikatai. Ndiyo maana sisemi tuchague kimoja na kukitupa kingine. Afrika Kusini, katika kanuni zake za mwaka wa 2021, iliviruhusu vyote viwili, na sisi tunaonekana kuelekea huko. Basi kama mtambo utaruhusiwa kuandika hati mbili, kipokezi nacho kilazimishwe kusoma zote mbili, na FM iwe ya tatu. Vipande vya kielektroniki vinavyoweza kazi hiyo vipo. Kinachokosekana ni amri kwamba redio isiyo navyo isiuzwe Kenya kwa jina la redio ya dijitali.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara huenda wasilione. Analojia huzeeka polepole, dijitali hufa ghafla. Mvuvi aliyetoka Shimoni akizidi kwenda mbali na mlingoti, redio yake ya FM huanza kukwaruza, kisha hupwaya, kisha huja na kupotea kama mtu anayesema upande wa pili wa upepo. Bado, mwenye masikio hupata maneno mawili matatu, na pengine mawili hayo ndiyo aliyoyahitaji. Redio ya dijitali humpa sauti safi kabisa mpaka hatua fulani, na hatua inayofuata humpa kimya. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea kisiwa cha Mafia, watu wa pwani ya Kenya nao walitahadharishwa na Idara ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa. Siku kama hiyo mkwaruzo una thamani. Ni kweli kwamba viwango vya dijitali vina uwezo wa kuiamsha redio iliyolala na kuifanya itoe onyo kwa sauti na maandishi, jambo ambalo redio ya babu haliwezi. Lakini uwezo huo hufanya kazi pale tu mawimbi yanapofika, na ramani ya mahali yanapofika hupimwa mara nyingi kwa kufuata barabara kuu, si kwa kufuata ngalawa.

Vanga na Lunga Lunga ziko mpakani. Watu wa huko wamezoea kusikiliza Tanga na Pemba bila kuulizwa pasipoti. Endapo Kenya itachagua hati moja na Tanzania nyingine, mpaka ambao wakoloni waliuchora ardhini utachorwa upya hewani, na safari hii utashika. Sijaona jambo hili likijadiliwa kwa kina katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kama linavyostahili.

Nirudi kwa walimu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, KICD ilipeleka masomo kwa redio, kwa runinga na kwa intaneti. Intaneti ilikuwa ya wenye simu kubwa na pesa za kuijaza. Runinga ilikuwa ya wenye umeme. Kwa watoto wengi wa mashambani, njia iliyokuwa karibu ni redio ndogo ya FM, au ile iliyomo ndani ya simu ya kubofya, ambayo waya wa kusikilizia ndio antena yake. Wako waliosikia vizuri, wako waliosikia nusu, na wako ambao hawakuwa na chochote. Shule zilifunguliwa kwa baadhi ya madarasa Oktoba mwaka huo, na kwa wote Januari 2021. Kwa hiyo tunajua kwa hakika, si kwa kukisia, kwamba ikitokea dharura nyingine redio ya mtoto wa Kinango itakuwa ile aliyo nayo mzazi wake siku hiyo. Simu zile za kubofya hazisomi DAB+ wala DRM. Mawe ya redio ya dijitali nayo humalizika upesi zaidi, kwa kuwa kazi ya kurudia hatua zote zile kinyumenyume hula nguvu. Na katika nyumba ambapo mawe huanikwa juani ili yapate siku mbili zaidi, hilo si jambo dogo.

Norwei ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka wa 2017, kuanzia Nordland mwezi wa Januari hadi Desemba, na hata huko vituo vingi vidogo vya mitaa viliachiwa FM yao. Ilichukua miaka 22 tangu tangazo la kwanza la DAB, katika nchi tajiri yenye watu wapatao milioni tano. Atakayependekeza muda mfupi zaidi kwa Kenya aanze kwa kueleza atawanunulia akina nani.

Kwa walimu wakuu, ombi langu ni la karibu zaidi. Watakuja wafadhili na wauzaji wenye vipokezi vipya, na nia yao yaweza kuwa njema kama ilivyokuwa ya Samara. Kabla ya kuweka sahihi, mwalimu mkuu aulize kama redio hiyo inashika FM. Kama inasoma DAB+ na DRM zote mbili, kwa kanuni mpya ya kubana sauti na siyo ya zamani tu. Kama programu yake yaweza kubadilishwa kanuni ikibadilika. Na kama kuna zaidi ya mtangazaji mmoja anayeandika hati hiyo nchini. Jibu la swali la mwisho likiwa "hapana", redio hiyo ni ya kukopeshwa, hata kama imetolewa bure.

Na wanafunzi wasikae kungoja. Walimu wa sayansi katika shule za sekondari, kuanzia Ng'ombeni hadi Lunga Lunga, wanaweza muhula huu kuwapa kazi ambayo haihitaji shilingi hata moja. Kila mwanafunzi aichukue redio ya nyumbani kwao, asubuhi moja na usiku mmoja, apite mkanda wote polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na aandike kila kituo anachokishika, lugha yake, usafi wa sauti yake, na mahali alipokaa. Wa Wasini aandike akiwa kisiwani, na ambaye baba yake ni mvuvi ampe daftari aende nalo baharini. Majina yote yakiunganishwa, tutakuwa na ramani ya masikio ya Kwale iliyochorwa na wenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano hupokea maoni ya wananchi kabla ya kupitisha kanuni, na ramani hiyo iwe miongoni mwa maoni yatakayofika Nairobi. Mimi nimekwisha kuanza na redio ya babu. Usiku wa juzi ilishika vituo kumi na vinne, na kimoja sikuielewa lugha yake.